Akiba Inayooza: Historia ya Milimita Tatu za Chuma

Wahenga walituachia methali kwamba akiba haiozi. Leo nawaletea akiba ambayo huwekwa makusudi ili ioze, na historia yake imegharimu maisha ya watu wengi.

Najua wengi wenu mnakuja hapa kusoma mambo ya programu, hifadhidata na tarakilishi kwa jumla. Msiondoke. Mambo ya leo ni ya chuma na mvuke, lakini mkifika mwisho mtaona kwamba sisi tunaoandika programu tuna la kujifunza kwa wale mafundi wa boila wa zamani.

Swali lenyewe ni rahisi. Una tangi la chuma litakalobeba mvuke, hewa iliyoshindiliwa au mafuta ya moto. Ukuta wake uwe mnene kiasi gani? Jibu la kwanza ni la hesabu: kadiri shinikizo linavyopanda na kadiri tangi linavyokuwa pana, ndivyo ukuta unavyohitaji kuwa mnene. Hiyo ni hesabu ya siku ya kwanza, siku tangi linapotoka kwa fundi likiwa linang'aa. Jibu la pili ndilo lililowasumbua watu kwa miaka mingi: ukuta huo utakuwa na unene gani baada ya miaka 20 ya kulambwa na maji, chumvi na salfa?

ENZI YA KUBAHATISHA

Tuanzie Manchester, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1830 mhandisi William Fairbairn alikuwa akivuta na kurarua mabamba ya chuma ili kujua nguvu zake. Wakati huo hapakuwa na kulehemu kama tunavyokujua, mabamba yaliunganishwa kwa ribiti. Fairbairn aligundua kwamba ukilipa bamba zima alama 100, mshono wenye safu mbili za ribiti unapata 70, na mshono wenye safu moja unapata 56 tu. Kwa maneno mengine, boila haina nguvu kuliko mshono wake. Hesabu za namna hiyo bado zinatumika hadi leo, ila mshono sasa ni wa kulehemu.

Lakini Fairbairn alipima mabamba mapya. Boila za viwanda vya nguo zilikuwa zimejengewa matofali kwa nje, na unyevu ulijificha katikati ya tofali na chuma. Kwa ndani kulikuwa na maji machafu. Kutu ilikula pande zote mbili, mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye kiwanda aliiona boila yake ikifanya kazi jana, akadhani itafanya kazi kesho.

Mwaka 1854 wenye viwanda wa Manchester, Fairbairn akiwa miongoni mwao, walianzisha chama cha kuzuia milipuko ya boila. Wazo lao lilikuwa geni: mkaguzi aje mara kwa mara, aingie ndani ya boila, agonge kwa nyundo, atazame kutu imefika wapi. Bunge la Uingereza lilichukua muda mrefu zaidi. Ni mwaka 1882 ndipo lilipopitisha sheria iliyotaka kila mlipuko wa boila uripotiwe na uchunguzwe.

Kule Marekani somo lilikuja kwa ukali zaidi. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1865, meli ya mvuke iliyoitwa Sultana ililipuka katika mto Mississippi karibu na Memphis. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu 376. Ilikuwa na zaidi ya 2,000, wengi wao wanajeshi waliotoka kufunguliwa katika kambi za wafungwa wa vita, wakirudi nyumbani kwao. Siku chache kabla, boila yake moja ilikuwa imevuja, na badala ya kuitengeneza ipasavyo ikabandikwa kiraka cha bamba jembamba kuliko lile la awali, kwa sababu nahodha hakutaka kupoteza abiria na nauli. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Wanahistoria wanabishana juu ya mchango wa kila sababu, yaani kiraka, uzito wa abiria na maji kupungua ndani ya boila, lakini sote tunaelewa maana ya kiraka chembamba kwenye ukuta uliochoka.

Watu wengi wa enzi hizo waliamini kwamba boila ikilipuka ni mapenzi ya Mungu, au ni gesi fulani ya ajabu imejitengeneza ndani. Katika mji wa Hartford, Connecticut, kulikuwa na kundi la vijana waliokuwa wakijadili jambo hili tangu 1857, nao walikataa maelezo hayo. Walisema chanzo ni vitu vinavyoonekana: chuma kibovu, utunzaji mbaya, ukaguzi usiokuwepo. Mwaka 1866 wakaanzisha kampuni ya bima ya boila. Ujanja wao ulikuwa huu: pesa nyingi za bima zilikwenda kwenye ukaguzi, maana boila isiyolipuka haina fidia ya kulipwa.

KIPIMO CHA USALAMA NA KITU KILICHOFICHWA NDANI YAKE

Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, Massachusetts, boila ya zamani ilipasuka katika kiwanda cha viatu cha Grover. Boila ilitoboa majengo kama roketi, kiwanda kikaporomoka na kushika moto, na watu 58 wakafa. Chanzo kilichotajwa ni ufa mwembamba uliokuwa umejificha chini ya mshono wa ribiti, mahali ambapo bamba moja hulalia jingine. Mwaka uliofuata boila nyingine ililipuka katika kiwanda cha viatu huko Lynn, jimbo hilohilo. Mwaka 1907 Massachusetts ikatunga kanuni zake za boila.

Majimbo mengine yakafuata, kila moja na kanuni zake, na mtengenezaji wa boila akajikuta hajui amtii nani. Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kikaunda kamati, na mwaka 1915 kitabu chao cha kwanza cha kanuni za boila kikatoka kikiwa na kurasa 114. Mwaka 1925 ikaongezwa Sehemu ya VIII, inayohusu vyombo vya shinikizo visivyochomwa moto: matangi, mitungi ya hewa na vingine vya aina hiyo.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kanuni za mwanzo zilitumia kipimo cha usalama cha 5. Maana yake, kama bamba linakatika kwa mzigo wa 5, basi linaruhusiwa kubeba 1 tu. Hizo nne zilizobaki zilikuwa za nini? Zilikuwa za kila kitu: chuma kisicho sawasawa, fundi mlevi, gari lililogonga tangi, na ndiyo, kutu. Yote yalitupwa kwenye gunia moja. Kutu ilikula nguvu ya akiba na hakuna aliyeandika mahali popote ni kiasi gani kimeliwa na kiasi gani kimebaki.

Sekta ya mafuta ndiyo iliyolifungua gunia hilo. Mwaka 1913 William Burton na wenzake huko Whiting, Indiana, walianza kupasua mafuta mazito kuwa petroli kwa biashara. Waliyachemsha kwenye matangi makubwa ya chuma yenye ribiti, kwa joto la karibu nyuzi 400 za Selsiasi na shinikizo la angahewa 5 au zaidi, moto ukiwaka moja kwa moja chini yake. Mafuta si maji. Yana salfa, na salfa ikipata joto inakula chuma kwa kasi ambayo mwenye boila ya kawaida hajawahi kuiona. Huwezi tena kusema kutu imo humo ndani ya kipimo cha usalama, kwa sababu hii inamaliza ukuta mzima.

Mwaka 1934 taasisi ya mafuta ya Marekani, API, ilishirikiana na ASME kutoa kanuni nyingine ya vyombo vya shinikizo. Hiyo ilikubali kipimo cha 4 badala ya 5, yaani ukuta mwembamba zaidi. Baadaye kanuni za ASME zenyewe zikashuka hadi 4, na mwaka 1999 zikashuka tena hadi 3.5 kwa vyombo vya kawaida vya Sehemu ya VIII. Kila kipimo kilipopunguzwa, nafasi ya kuficha kutu ilipungua pia. Kwa hiyo kutu ikapewa mstari wake katika hesabu. Mwenye kiwanda atamke mwenyewe: ninatarajia chuma kiliwe milimita kadhaa, nami nimenunua milimita hizo.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Chukua tangi la duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1,000 na shinikizo la megapaskali 1, yaani kama mara kumi ya hewa tunayoivuta. Chuma cha kawaida cha kazi hii kinaruhusiwa mkazo wa megapaskali 138, na mshono uliopigwa picha za eksirei kwa sampuli unahesabiwa kuwa na nguvu ya 0.85. Kanuni ya ASME inasema unene ni shinikizo mara nusu kipenyo, ukigawanya kwa (mkazo mara mshono, toa 0.6 mara shinikizo). Ukifanya hesabu unapata milimita 8.57.

Ongeza akiba ya kutu ya milimita 3. Lakini subiri! Kutu ikila kwa ndani, tangi linapanuka: nusu kipenyo kinakuwa 1,003. Mhandisi makini anahesabu tangi litakavyokuwa siku ya mwisho, wala si siku ya kwanza. Anapata 8.59, anaongeza 3, inakuwa 11.59. Dukani bamba la 11.59 halipo, ananunua la milimita 12. Sasa ana milimita 3.41 za kuoza. Akiwa ametarajia kutu kula milimita 0.15 kwa mwaka, zile 3 alizoweka zingemtosha miaka 20.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Zile milimita 3 hazimpi nguvu zaidi. Zinampa muda. Kwa hakika zile milimita ni kalenda iliyoandikwa kwa chuma. Na kalenda isiyosomwa na mtu haina maana.

NANI ANASOMA KALENDA?

Mafundi wa zamani walisoma kwa nyundo: gonga, sikiliza mlio. Au walitoboa tundu, wakapima unene kwa kipimo, kisha wakaliziba. Kuna ujanja mwingine ninaoupenda zaidi, na bado umo katika kanuni za ASME. Unatoboa vitundu vidogo upande wa nje wa ukuta, vyenye kipenyo cha milimita 1.5 hadi 5, bila kutokeza ndani. Kutu ikila kutoka ndani mpaka ikafika kwenye tundu, chombo kinaanza kuvuja pale padogo, na kila mtu anajua kwamba akiba imekwisha. Ningeliita tundu mbea: linatangaza siri ya nyumba kabla nyumba haijaanguka.

Kisha vikaja vifaa vya sauti. Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan aliomba hataza mwaka 1940 na kuipata mwaka 1942 kwa kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti isiyosikika ndani ya chuma na kusikiliza mwangwi. Sauti husafiri ndani ya chuma karibu mita 5,900 kwa sekunde. Kwenda na kurudi katika bamba la milimita 12 huchukua takriban sehemu 4 za milioni za sekunde. Pima muda huo, na umepata unene bila kutoboa wala kusimamisha kiwanda.

Mwaka 1958 API ilitoa kanuni ya ukaguzi iitwayo API 510, na msingi wake ni hesabu ya darasa la sita. Turudi kwenye tangi letu. Baada ya miaka 8 unapima na kupata milimita 10.4. Zimeliwa 1.6 kwa miaka 8, ambayo ni 0.2 kwa mwaka, si 0.15 uliyotarajia. Kilichobaki juu ya 8.59 ni 1.81. Gawanya kwa 0.2, unapata miaka 9. Kanuni inakwambia urudi kukagua ndani ya nusu ya muda huo, au ndani ya miaka 10, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo ni miaka minne na nusu. Kwa nini nusu? Kwa sababu kasi ya jana si ahadi ya kesho.

MAHALI AKIBA ISIPOSAIDIA

Nisiwadanganye kwamba milimita 3 zinatibu kila ugonjwa. Akiba ya kutu inadhani chuma kitaliwa sawasawa, kama sabuni. Mara nyingi haiwi hivyo.

Mnamo Machi 1974 katika kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kulipatikana ufa mrefu kwenye tangi moja kati ya sita zilizopangwa mfululizo. Maji yenye naitreti yalikuwa yamemwagwa kwa nje kwa sababu ya uvujaji mdogo, na naitreti zikapasua chuma. Ufa wa namna hiyo haupunguzi unene, unakata tu kama kisu, na ukuta wa milimita 3 zaidi ungechelewesha mambo kidogo. Tangi likaondolewa na mahali pake pakawekwa bomba la kupitisha ambalo halikufanyiwa hesabu za kutosha. Tarehe 1 Juni 1974 bomba hilo likaachia, kiwanda kikalipuka, watu 28 wakafa.

Tarehe 2 Aprili 2010, huko Anacortes katika jimbo la Washington, chombo cha kubadilishana joto kilipasuka na kuua wafanyakazi 7. Haidrojeni yenye joto kali ilikuwa imepenya ndani ya chuma na kukidhoofisha kutoka katikati. Mchoro uliokuwa ukitumiwa na sekta nzima kuonyesha mipaka salama uliwaambia wako salama.

Na tarehe 6 Agosti 2012 huko Richmond, California, bomba la mwaka 1976 lilipasuka katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Chevron. Wafanyakazi 19 walimezwa na wingu la mvuke wa mafuta, na kwa bahati wote wakaokoka, lakini wakazi wapatao 15,000 walitafuta matibabu. Salfa ilikuwa imekula karibu asilimia 90 ya unene wa kipande kilichopasuka. Kiwiko cha jirani, kwenye bomba lilelile, kilikuwa kimeliwa kidogo tu. Tofauti ilikuwa nini? Kipande kile kilikuwa na silikoni kidogo mno ndani ya chuma chake. Na vipimo vilikuwa vikichukuliwa kwenye viwiko, si kwenye kipande kile. Kalenda ilisomwa, lakini ya nyumba ya jirani.

HUKU KWETU

Kenya nayo imo katika hadithi hii. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963 na kusimamisha usafishaji mwaka 2013. Muda wote huo kilipigana na salfa kwa ndani na upepo wa chumvi kwa nje. Huko Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza mwaka 1981, mvuke unatoka na gesi zake, na vyombo vya kutenganisha maji na mvuke lazima vihesabiwe kutu.

Lakini chombo cha shinikizo kilicho karibu nawe zaidi huenda ni ule mtungi wa kompresa wa yule kijana wa pancha kando ya barabara. Hewa ikishindiliwa hutoa maji, na maji hukaa chini ya mtungi. Kutu inakula tumboni, kwa ndani, huku rangi ya nje ikiwa safi. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka mtungi kama huo uandikwe shinikizo lake salama, uwe na vali ya usalama na mahali pa kutolea maji, na ukaguliwe mara kwa mara na mtu aliyeidhinishwa. Kufungua ile koki ya chini kila jioni ni bure kabisa. Kuchomelea kiraka pale unapovuja na kuendelea na kazi ni kurudia mambo ya Sultana.

NA SISI WA PROGRAMU?

Sisi nasi tuna ukuta unaoliwa. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu 1970 katika nafasi ya biti 32, na akiba hiyo itakwisha tarehe 19 Januari 2038. Diski hujaa, namba za kumbukumbu kwenye jedwali huisha, vyeti vya usalama hufikia tarehe yake. Tukitengeneza mfumo tunapenda kusema "nafasi ni kubwa, haiwezi kujaa", na hayo ni maneno ya mwenye boila wa 1850. Mhandisi wa leo anasema hivi: itakwisha, ninajua kwa kasi gani, hii hapa siku ya kupima, na hili hapa tundu mbea litakalopiga kelele nikisahau.

Kwa hiyo ukiandika kwamba mfumo una akiba, andika pia ni nani atakayeipima na lini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Ila kuna ukuta ambao ukianguka haujengwi tena, kwa sababu waliokuwa karibu nao hawapo. Ukipita leo kwa yule kijana wa pancha, muulize mara ya mwisho alitoa maji lini.

Wiki ijayo tukijaliwa tutarudi kwenye hifadhidata. Kwaherini kwa sasa.